Bloku ya majivu au jiwe la timboni? Hesabu ya anayejenga Kibarani

Mtu akikuletea bloku ya kijivu na kukuambia imetengenezwa kwa majivu ya taka zilizochomwa, tena ni nafuu kwa shilingi 20 kuliko bloku ya kawaida, usimcheke na usimpe arubuni. Muulize kwanza: majivu ya taka gani, na zilichomwa wapi? Akibabaika, mazungumzo yameisha. Akijibu vizuri, bado kuna hesabu ya kupiga.

Nasema na anayejenga Kibarani ya Kilifi, si ile ya Mombasa iliyokuwa na jaa kando ya barabara hadi lilipofungwa mwaka 2018. Una kiwanja kidogo, pesa za chama au za mtoto aliyeko Uarabuni, na unataka kuta ziwe zimesimama na paa liko juu kabla ya masika. Huna nyumba ya pili ya kufanyia majaribio.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Taka za mji zikichomwa kwenye tanuri la kisasa, kati ya robo na moja ya tano ya uzito wake hubaki kama majivu, na majivu hayo lazima yaende mahali. Uholanzi huyatandika chini ya barabara. Japani ilikwenda mbali zaidi: tangu 2001 kule Ichihara, na 2006 kule Tama upande wa Tokyo, kuna viwanda vinavyogeuza majivu ya taka kuwa saruji. Lakini angalia wanavyofanya. Majivu hupikwa upya kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300, moshi ukachujwa, na kila shehena ikapimwa. Hiyo si kazi ya uani, na koleo na karai haziwezi kuifanya.

Karibu nasi, mfano mkubwa ni Addis Ababa. Tanuri la Reppie lilizinduliwa Agosti 2018 kando ya jaa la Koshe, lile lililoporomoka Machi 2017 na kuua watu zaidi ya 100. Lilijengwa kuchoma hadi tani 1,400 za taka kwa siku na kutoa umeme, na kutengeneza matofali kwa majivu yake kulikuwa miongoni mwa faida zilizotangazwa. Kenya haina tanuri la taka za mji la ukubwa huo. Kwa hivyo majivu utakayoletewa Kibarani hayatakuwa ya namna ya Reppie, sembuse ya Tama. Yatakuwa yametoka kwenye mojawapo ya mahali pachache: tanuri dogo la hospitali, boila ya kiwanda au hoteli, jiko la chokaa, au jaani penyewe, pale vijana wanapochoma plastiki na nepi usiku.

Ya hospitali, usiyaguse hata ukipewa bure na usafiri juu. Matanuri ya vituo vya afya mara nyingi hayafikii joto linalotakiwa, na humo ndani huingia sindano, chupa za dawa, plastiki na vifaa vyenye zebaki. Majivu yake yana shimo lake maalumu ndani ya uwanja wa kituo, na hapo ndipo yanapotakiwa kubaki. Anayeyauza anauza kitu ambacho hakitakiwi kutoka langoni.

Ya jaani ni mabaya kwa sababu nyingine: hakuna ajuaye kilichochomwa. Betri, nyaya, rangi na viatu vyote vimo. Risasi na kadimiamu haziungui. Hubaki kwenye majivu, nawe huwezi kuziona, kuzinusa wala kuziosha kwa maji ya mtungi.

Ya boila inayochoma kuni au makumbi ya nazi peke yake ni salama zaidi. Shida yake ni nguvu. Majivu ya kuni hubadilika kila siku kwa jinsi moto ulivyowashwa, na mengi ni mkaa mdogo mdogo ambao hunywa maji na kuidhoofisha saruji.

Hata pale palipo na tanuri la kisasa, majivu si ya aina moja. Kuna ya chini, yanayodondoka chini ya moto kama changarawe, na kuna ya moshi, unga mwembamba unaonaswa na vichujio kabla ya bomba. Ya chini yanaweza kutumika baada ya kutolewa vyuma na kuachwa wiki kati ya 6 na 12 yapigwe na hewa na mvua hadi yatulie. Ya moshi ndiyo yaliyobeba sumu: metali nzito na dioksini. Kuyachanganya mawili haya ndiko kulikoleta balaa mjini Newcastle, Uingereza. Kati ya 1994 na 1999 majivu ya tanuri la Byker yalimwagwa kwenye vijia vya bustani za mboga za wakazi, yote pamoja. Yalipokuja kupimwa yakakutwa na dioksini na metali nzito, na watu wakaambiwa wasile mayai wala kuku wa bustani zile. Nao walikuwa na maabara na baraza la mji lililopaswa kujua.

Huku kwetu ardhi yenyewe inaongeza hatari. Kilifi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao umejaa matundu na nyufa. Kinachomwagwa juu hufika kwenye kisima haraka kuliko kwenye udongo wa mfinyanzi wa bara. Ukiambiwa ujazie msingi kwa majivu badala ya kifusi kwa sababu hayana bei, pima umbali kutoka hapo hadi kisima chako na cha jirani.

Sasa nguvu ya bloku. Majivu ya taka huwa na vipande vidogo vya alumini, mabaki ya makopo na vifuniko. Alumini ikikutana na maji ya saruji hutoa gesi ya haidrojeni, na bloku huumuka ndani kwa ndani, ikapata vitundu na nyufa za nywele. Majivu yana chumvi pia, na chumvi hula chuma. Linta yako ina vyuma na nguzo za baraza zina vyuma, na hewa ya bahari tayari inavishambulia kutoka nje. Kuleta chumvi nyingine kutoka ndani ni kununua kutu. Ndiyo maana watengenezaji wa busara huweka majivu kidogo, mara nyingi kati ya sehemu 10 na 20 kwa 100 ya kile yanachochukua nafasi yake, tena katika bloku zisizoshika chuma.

Kabla hujafikiria majivu ya mtu, soma mfuko wa saruji ulionao, kwa sababu huenda tayari umenunua majivu, tena mazuri. Mifuko ya bei ya chini madukani Kilifi mingi imeandikwa CEM IV/B na 32.5. Maandishi hayo yana maana kwamba kati ya sehemu 36 na 55 kwa 100 za kilichomo si klinka, ile sehemu ya saruji inayoshika mchanga, bali ni pozolana. Hapa Kenya pozolana hiyo huwa hasa majivu na mawe laini ya volkano yaliyosagwa. Yamepimwa kiwandani, yanashikana vizuri na saruji, na yanastahimili chumvi ya ardhini na ya bahari vizuri kuliko saruji ya klinka tupu. Kwa nyumba ya Pwani hiyo ni faida, si udanganyifu. Gharama yake ni subira tu: hukomaa polepole, kwa hivyo ipe siku 28 za kukomaa na maji ya kutosha.

Lakini hapa ndipo pesa inapopotea. Fundi akichukua saruji hiyo, ambayo karibu nusu yake tayari ni majivu, halafu akaongeza majivu yake tena ili "kuvuta mfuko", klinka iliyobaki ni kidogo mno kushika mchanga. Bloku itakauka, itakuwa na rangi nzuri, itapakiwa na kuuzwa. Itakuja kumeguka pembe wakati wa kupakua, au itatoa vumbi ukutani kila ukipitisha mkono. Anayekuuzia bloku ya majivu, muulize alitumia saruji ya namba gani. Kama ni 32.5 ya CEM IV, mwachie.

Tukiyaweka majivu kando, Kibarani una njia nne za kusimamisha ukuta.

Jiwe la timboni ndilo mwenyeji. Linachongwa kwenye matimbo ya Kilifi, upande wa Takaungu na Vipingo na kwingineko, halihitaji kukaushwa, na siku ile lori linapomwaga fundi anaweza kuanza. Kuhusu kudumu, vuka mkondo uende Mnarani ukatazame magofu, au panda matatu hadi Gede karibu na Watamu. Gede ilihamwa katika karne ya 17 na kuta zake za matumbawe na chokaa zingalipo. Angalia pia kisichokuwamo ndani ya kuta zile: chuma. Jiwe letu halina ugomvi na hewa ya bahari. Ugomvi uko kwenye vyuma tunavyoliwekea.

Kasoro yake ni kwamba halina ukubwa mmoja. Jiwe lililochongwa vibaya hunywa saruji ya kuunganishia, na plasta inabidi iwe nene ili ukuta unyooke. Mawe ya bei ya kutupa, yale meupe yanayoacha unga mkononi, hunyonya unyevu kutoka chini kama utambi. Chagua yanayolia ukiyagonga, yaliyonyooka pande mbili angalau, na uweke karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Karatasi hiyo ni pesa kidogo, na mafundi wengi huiruka usipokuwepo.

Bloku ya saruji ni ya pili. Ukubwa wake ni mmoja, ukuta hunyooka haraka, na kibarua cha fundi hupungua. Ubaya ni kwamba kila yadi ina kipimo chake cha mchanga na saruji, na hakijaandikwa popote. Mchanga nao una mambo. Wa mto Sabaki ni mzuri. Wa ufuoni una chumvi, na ukitumiwa kwenye bloku au plasta, chumvi nyeupe itachanua ukutani baada ya mvua ya kwanza. Onja. Ndiyo, weka chembe ulimini. Ni kipimo cha bure.

Njia ya tatu ni matofali ya kushikamana, ambayo mafundi huyaita intaloki: udongo, saruji kidogo, na mashine ya kubana kwa mkono. Hapa unaweza kuokoa pesa kweli, maana udongo unachimbwa kiwanjani kwako na shimo likabaki kuwa la choo. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban matofali 100. Ukuta hauli saruji nyingi ya kuunganishia, na wengi huuacha bila plasta ndani na nje. Lakini si kila udongo unafaa. Wenye mchanga mtupu haushikani, na wa mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka. Tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha hadi kesho yake: mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe mwingi kuliko mfinyanzi, lakini mfinyanzi usikosekane.

Njia ya nne ni udongo na fito, nayo sina haja ya kuieleza Kibarani. Ukiwa na pesa ya msingi na paa tu, jenga msingi wa mawe uliopanda hadi magotini, kuta za udongo juu yake, paa lililotokeza mbele vizuri, na upige plasta nyembamba baadaye. Nyumba hiyo itakusubiri hadi pesa ipatikane. Hakuna aibu ndani yake, na ni bora kuliko ukuta wa bloku za majivu uliosimama nusu.

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano. Weka zako ulizopewa mahali pake, hesabu itabaki ile ile. Nyumba ya vyumba viwili na sebule ndogo ina ukuta wa kama mita za mraba 80 ukitoa milango na madirisha. Bloku za saruji za kawaida zinakwenda kama 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hivyo unahitaji 800. Kwa shilingi 70, ni 56,000. Za majivu kwa shilingi 50 ni 40,000. Umeokoa 16,000, na muuzaji hapo ndipo anapofunga daftari.

Sisi hatufungi. Za saruji zinatengenezwa mjini Kilifi. Kila moja tuseme ina kilo 30, jumla tani 24, safari tatu za lori la tani 10 kwa 3,000 kila moja: 9,000. Za majivu tuseme zinatoka Mombasa, umbali wa kama kilomita 60. Ni nyepesi, kilo 25, jumla tani 20, safari mbili kwa 10,000: 20,000. Tofauti ya 11,000 imeshaondoka. Moja katika kila kumi ikivunjika au kumeguka njiani, ni bloku 80 nyingine, 4,000. Katika ile 16,000 umebaki na 1,000, na bado hujalipa wapakuaji. Ukuta ukinywa plasta ya ziada mifuko miwili tu, umeingia hasara.

Intaloki kwa ukuta huo huo zinahitajika kati ya 30 na 40 kwa mita, tuseme 2,800. Hiyo ni mifuko 28 ya saruji. Mfuko ukiwa 800, ni 22,400. Ongeza kukodi mashine, vibarua, maji na mchanga wa kurekebisha udongo. Hata ukiongeza maradufu, uko chini ya bloku za saruji, na hujanunua plasta ya nje wala ya ndani. Kisichoonekana kwenye hesabu ni muda: lazima zifunikwe na kumwagiwa maji wiki nzima na zaidi kabla ya kujengewa.

Na maji ni pesa. Mabomba yakikauka, kama yanavyokauka, utanunua kwa mtungi au kwa bauza. Bloku au tofali lisilomwagiwa maji ya kutosha ni pesa nusu iliyotupwa. Anayejenga kwa jiwe la timboni hana gharama hii kwenye mawe, ila kwenye saruji ya kuunganishia na plasta tu. Ni sababu mojawapo inayofanya jiwe liendelee kushinda huku kwetu, na sijaona orodha ya bei inayoitaja.

Gharama nyingine hujificha kwenye mdomo wa muuzaji. "Bei ya timboni" si bei ya kiwanjani. Uliza kama ushuru wa kaunti wa mawe na mchanga umo ndani au utadaiwa kizuizini, na nani atalipa. Uliza kama wapakizi na wapakuaji ni wake au wako. Uliza lori linafika mpaka kiwanjani au linamwaga barabarani kwa sababu njia ni ya mchanga na lori litazama. Kutoka barabarani hadi ndani ni mkokoteni, na mkokoteni hulipwa kwa kila safari. Uliza kama bei ina VAT ya 16 kwa 100, hasa ukitaka risiti. Ada ya kutuma pesa kwa simu nayo, mara nne au tano, hujumlika. Na usilipe yote mbele. Toa arubuni, lipa sehemu mzigo ukifika, malizia baada ya kuhesabu mwenyewe. Hesabu zikiwa bado juu ya lori. Zikishamwagwa, kila iliyovunjika ni yako.

Kwenye saruji, angalia namba, tarehe na alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajua kama ni ya kweli. Nunua duka linalouza haraka. Hewa ya bahari huugandisha mfuko uliokaa. Mfuko wenye mabonge magumu usikubali hata ukipunguziwa mia. Na usinunue mifuko yote siku moja kama huna stoo kavu iliyoinuliwa kutoka sakafuni.

Muuzaji wa bloku za majivu akija na karatasi, karatasi hizo ziwe mbili. Moja ni leseni ya NEMA ya kushughulikia taka, yenye jina lake na tarehe ambayo haijapita. Ya pili ni majibu ya maabara, nayo yawe na sehemu mbili: nguvu ya bloku, na metali zinazotoka bloku ikilowekwa majini. Ya nguvu peke yake haitoshi. Bloku inaweza kubeba ghorofa na bado ikatoa risasi. Idara za uhandisi kama ile ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa zinajua vipimo vya nguvu, kwa hivyo kisingizio kwamba maabara ziko Nairobi tu usikikubali.

Bloku yoyote, ya majivu au ya saruji, ijaribu mwenyewe kabla ya kununua. Chukua tatu usizochaguliwa na muuzaji. Iangushe moja kutoka usawa wa kiuno juu ya ardhi ngumu: ikipasuka vipande vingi, rudi nyumbani. Ikwaruze ya pili kwa msumari: mfereji ukiwa wa kina, saruji ni chache. Ya tatu iloweke usiku kucha, itoe, iache ikauke kivulini siku mbili tatu. Ukiona chumvi nyeupe, vijishimo vilivyoruka usoni au nyufa za nywele, humo kuna chumvi au alumini. Pitisha pia sumaku juu ya vipande vilivyovunjika. Ikiokota chembe za chuma, majivu hayakusafishwa, na kutu itachora ukuta wako madoa ya kahawia.

Je, bloku ya majivu haina mahali kabisa? Inapo, ikiwa na karatasi zake mbili: ukuta wa ua usioshika paa, kingo za njia, labda kabro za uani mbali na kisima na banda la kuku. Hata kwenye kabro ina mshindani wa taka mwenzake: za plastiki na mchanga, kazi iliyomletea mhandisi Nzambi Matee wa Nairobi tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana wa mazingira mwaka 2020. Plastiki iliyochambuliwa kwa aina angalau unajua ni nini. Ila usafiri kutoka Nairobi utakula tofauti, kwa hivyo ziangalie zikianza kutengenezwa Pwani.

Kwa anayetakiwa kuamua mwezi huu, ninavyoona ni hivi. Ukiwa na pesa taslimu na masika iko karibu, chukua jiwe la timboni lililochongwa vizuri, lipa kidogo zaidi kwa yaliyonyooka, na uokoe kwenye plasta. Ukiwa na udongo unaofaa, miezi miwili na vijana wa nyumbani, kodi mashine ya intaloki. Kwa hesabu ile, ni nafuu kuliko bloku za saruji. Bloku za saruji nunua kwa yadi iliyo karibu unayoweza kwenda kuitazama ikichanganya. Bloku za majivu ya taka kwa kuta za nyumba wanamolala watoto, usinunue mwaka huu kwa bei yoyote, na majivu ya hospitali usiyakubali hata ya kujazia shimo. Ukiyakuta yanauzwa mtaani, peleka habari kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au ofisi ya NEMA ya kaunti kabla jirani yako hajayanunua.